Kabla Uniite Illuminati, Uliza Nyoka Anasema Nini

Wacha tumalize hii mapema ndio tusonge: pete ya nyoka haimwingizi mtu Illuminati. Haikupi gari, haikupi nyumba Milimani, na hakuna mtu anakuja usiku kudai damu. Ingekuwa hivyo, wale wasee wanaouza pete za soo pale Kondele wangekuwa mabilionea, na sisi wateja wao tungekuwa tumeacha kukimbizana na kodi ya nyumba kila tarehe tano.

Nasema hivi juu Kisumu ukivaa mnyama yeyote mwenye meno au magamba, lazima kuna mtu atakuombea bila kuombwa. Mimi huvaa nyoka wa shaba kwa kidole. Nimeulizwa na mama muuza samaki kama niko salama. Nimesogewa kwa matatu, yaani mtu mzima amehama kiti. Beshte yangu mmoja alilazimishwa na shangazi yake kutupa bangili kwa choo cha shimo, familia yote ikiangalia. Na bangili yenyewe ilikuwa na simba. Simba! Huyo huyo aliye kwa ashu mpya unayotoa sadaka Jumapili.

Sitaki kila mtu avae nyoka. Ukitaka kuvaa msalaba, kipepeo, ama usivae chochote, ni sawa kabisa. Ninachotaka tukubaliane ni kitu kimoja: mnyama aliyetengenezwa kwa chuma ni sentensi. Aliyemvaa wa kwanza alikuwa na kitu anasema, ombi ama onyo ama majigambo. Kwa hivyo kabla ya kuhukumu, na hata kabla ya kununua, uliza huyo mnyama anasema nini.

Hofu yetu haikutoka hewani, na siwezi kuwacheka wazazi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani Kenya. Tume ya serikali, si umbea wa kijiweni. Ripoti yake ikatolewa hadharani 1999. Wazazi wetu wengi walikuwa shuleni ama ndio wanaanza maisha, na kwa miaka hiyo yote stori zilikuwa ni hizo tu: usikubali lifti, usiokote pete barabarani, usipokee zawadi kwa mtu usiyemjua. Mtu aliyekua hivyo akiona magamba kwa kidole cha mtoto wake, moyo unaruka. Naelewa. Lakini kuelewa hofu hakumaanishi tuirithi nzima nzima kama sufuria ya nyanya.

Sasa twende Rumi kidogo, juu wale wasee walivaa wanyama kuliko msanii yeyote unayemfuata.

Nguo nyingi za Warumi hazikuwa na vifungo kama vyetu. Joho lilishikiliwa begani kwa pini, na hiyo pini ndiyo ilikuwa luku. Tajiri alitumia dhahabu. Mtu wa kawaida, askari, muuza mkate, mama wa nyumbani, alitumia shaba iliyochanganywa na bati, na ikisuguliwa vizuri inang'aa karibu kama dhahabu. Makumbusho ya Ulaya yamejaa pini hizo: sungura, bata, jogoo, farasi, mbwa. Nyingine zilijazwa rangi nyekundu, buluu na kijani juu ya shaba. Manze, ukiziona utadhani zimetoka duka la mtandaoni juzi.

Na hawakuchagua kwa kubahatisha. Jogoo alikuwa wa Mercury, mungu wa wafanyabiashara na wasafiri, kwa hivyo ukiwa na duka na safari zako jogoo alikuwa mtu wako. Sungura alikuwa na mambo ya mapenzi na uzazi, na ukifikiria jinsi sungura wanavyozaana huhitaji maelezo zaidi. Tai alikuwa wa Jupiter, na ndiye aliyebebwa juu ya mti mbele ya jeshi. Yule ndege alikuwa anatangaza nguvu ya dola nzima.

Nyoka sasa. Nyoka kwao alikuwa daktari na mlinzi wa nyumba. Kule Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, nyumba nyingi zilikuwa na pahali padogo pa ibada ya familia, na chini ya hapo ukutani wamechora nyoka wakubwa. Walikuwa kama askari wa mlangoni. Na kwa upande wa afya, stori yao ni hii: karibu mwaka 293 kabla ya Kristo, Rumi ilipatwa na ugonjwa mbaya, wakatuma watu Ugiriki kwa mungu wa uponyaji, Asclepius. Wakarudi na nyoka wake kwa meli. Nyoka akaruka majini, akaogelea hadi kisiwa kidogo katikati ya mto Tiber, na hapo wakajenga hekalu la wagonjwa. Iwe kweli iwe hadithi, mpaka leo kwa kile kisiwa kuna hospitali.

Ndio maana nembo ya Shirika la Afya Duniani ina nyoka amejizungusha kwa fimbo. Wakati wa Korona tulikuwa tunaiangalia kila jioni kwa televisheni na hakuna shangazi hata mmoja aliitupa televisheni kwa choo.

Kwa hivyo bangili ya shaba yenye vichwa viwili vya nyoka, mtindo uliopendwa sana Rumi, ilikuwa inasema kitu kama: afya iwe nami, ubaya usipite hapa. Tofauti yake na mama anayempaka mtoto mafuta ya upako kabla ya mtihani ni gani? Lugha tu.

Najua kuna mtu ameanza kuandika, "hayo ni mambo ya wapagani." Sawa, fungua Biblia. Hesabu 21: wana wa Israeli wanaumwa na nyoka jangwani, wanakufa, na Musa anaambiwa atengeneze nyoka wa shaba, amwinue juu ya mti. Aliyeumwa akimwangalia anapona. Nyoka. Wa. Shaba. Injili ya Yohana mlango wa tatu inamrudia huyo nyoka, na inamtaja kwa uzuri.

Lakini nisome yote ndio nisionekane nachagua. Ukienda Wafalme wa Pili 18, mfalme Hezekia anamvunjavunja huyo nyoka wa Musa, juu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni watu walichokuwa wanafanya nacho. Hapo ndipo naona Biblia yenyewe iko upande wa kuuliza. Ukiniona na pete, nishike bega uniulize ninaifanyia nini. Nitakuambia sijawahi kuifukizia chochote, naivua tu nikiosha vyombo.

Halafu kuna hii ya kwetu, na hii ndiyo inaniuma zaidi.

Ukitoka Kisumu ukaelekea Nyakach, usiwaambie wazee kwamba nyoka ni shetani. Huko kuna jina linaitwa Omieri. Ni chatu, ng'ielo kwa Dholuo, na wazee walimwona kama dalili ya mvua na mavuno mazuri. Mwaka 1987 Omieri aliungua kwa moto. Ilikuwa habari ya taifa. Alipelekwa kutibiwa Nairobi, na alipokufa watu waliomboleza kama wamefiwa. Mwaka 2003 chatu mwingine akaonekana Nyakach, akapewa jina lile lile, na watu wakaanza kumiminika kumwona. Dani yangu husema mvua ya mwaka ule ilijua njia. Mimi simbishii dani kuhusu mvua.

Ona sasa hapo. Mrumi wa miaka elfu mbili iliyopita na mzee wa Nyakach hawakuwahi kukutana, na bado wote wawili walimwangalia nyoka wakasema: huyu analinda, huyu analeta uzima. Ni sisi tu wa mjini, wenye bando na simu ya mkopo, tunaojua maana moja ya nyoka, na tumeipata kwa filamu za Nollywood.

Kuuliza pia kunaweza kukuletea jibu baya, nisikudanganye. Mwaka 2000, karibu na Pompeii, pahali panaitwa Moregine, wachimbuaji walipata mabaki ya mwanamke aliyekufa siku ile ya volkano. Mkononi alikuwa na bangili ya dhahabu ya nyoka, kazi safi sana. Ndani yake kuna maneno ya Kilatini yanayosema ni ya bwana kwa mjakazi wake. Bwana. Mjakazi. Kuna wataalamu wanaosema ni zawadi ya mapenzi, na inaweza kuwa. Lakini mjakazi wa Kirumi hakuwa na ruhusa ya kusema hapana. Nyoka yule yule wa ulinzi, akigeuzwa kidogo, anasema: huyu ni wangu.

Wadada wa Kisumu, hiyo mnaielewa bila mimi kueleza. Kuna mkufu unanunuliwa na mtu anayekupenda, na kuna mkufu wa sponsa, wenye masharti ambayo hayajaandikwa popote. Yote inang'aa sawa. Kwa hivyo ukiuliza mnyama anasema nini, ongeza swali la pili: ni nani anayesema? Ni wewe, ama ni aliyekuvalisha?

Tukiwa hapo kwa nani anasema, angalia tunachovaa. Simba wa kampuni za Italia, feki. Kichwa cha Medusa, feki ya feki. Mbwa mwitu wa theluji, na hapa kwetu theluji tunaiona kwa friji. Ukimwuliza msee kwa nini amevaa mbwa mwitu atakuambia "inakaa poa tu." Na inakaa poa, sibishi. Si kila kitu lazima kiwe na mhadhara. Lakini mwezi wa tatu inageuza kidole kijani na hakuna hata stori ya kubaki nayo.

Wakati huo huo tunabeba mbuga nzima mfukoni na hatuoni. Katiba ya 2010 ilisema pesa zetu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Sarafu mpya zilipotoka 2018, sura za marais zikaondoka, wakaingia wanyama: twiga kwa bob, kifaru kwa kobole, simba kwa ashu, ndovu kwa mbao. Nchi nzima ilikaa chini ikajiuliza itajitambulisha na nani kama si mkubwa fulani, na jibu likawa mnyama wa chuma. Warumi wangetuelewa vizuri sana.

Sasa sisi wa ziwani mnyama wetu ni nani? Mimi nina kura yangu na iko kwa kamongo.

Usicheke. Najua kamongo hana sura ya kupostiwa. Lakini fikiria: samaki mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Maji yakikauka hafi. Anachimba tope, anajifunika kwa ute wake, analala humo miezi mingi akingoja mvua. Hebu niambie ni mnyama gani anafanana zaidi na kijana wa Kisumu aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka mitatu akingoja simu ya kazi? Nipe kamongo wa shaba kwa shingo nitamvaa kila siku. Anasema: kumekauka, lakini niko.

Na si mimi wa kwanza kumheshimu. Vuka ziwa uende Buganda, kuna ukoo mkubwa unaitwa Mmamba, ambao mnyama wao ni huyo huyo kamongo, na wenye ukoo hawamli. Samaki tunayemkaanga Dunga, ng'ambo ya pili ni nembo ya familia.

Ama mchukue kiboko. Babu zetu Waluo walivaa meno ya kiboko kichwani, yamepinda juu ya paji la uso pamoja na manyoya ya mbuni. Vikuku vya waya wa chuma na shaba vilikuwa mikononi na miguuni. Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, alipiga picha huku Nyanza mwaka 1936, na picha hizo ziko hadi leo Pitt Rivers Museum kule Oxford. Mwaka 2007 nakala zilirudishwa zikaonyeshwa nyumbani, kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya zamani. Ukizitafuta utaona kitu ambacho shuleni hatukuambiwa: mababu walikuwa na luku.

Siwaambii mrudi kwa meno ya kiboko. Hapana. Ni kinyume cha sheria na kiboko anayahitaji. Hapo ndipo shaba inashinda. Shaba inakupa mnyama bila kumuua mnyama.

Na hili Warumi walilifeli vibaya. Walivaa simba, halafu wakajaza viwanja kuwaua. Uwanja wao mkubwa, Colosseum, ulipofunguliwa mwaka 80, mwandishi wao Cassius Dio anasema wanyama elfu tisa waliuawa kwa sherehe hizo. Hata pwani yetu waliifikia kibiashara: kuna kitabu cha mabaharia cha wakati huo kinachotaja soko la Rhapta huku Afrika Mashariki, na bidhaa zilizotoka huko ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sisi pia hatuko safi. Ngege halisi wa ziwa letu, yule ambaye wazee wanamwongelea kama mpenzi aliyeolewa mbali, karibu hapatikani tena ziwani. Kama tutavaa samaki shingoni, angalau tujue ni yupi na yuko wapi sasa.

Mwisho ni ganji, juu bila ganji haya yote ni hotuba.

Shaba haihitaji kutoka nje. Fundi wa jua kali anachukua mifereji mibovu, kufuli zilizokufa na valvu, anaziyeyusha kwa tanuru ya makaa, moto wa zaidi ya nyuzi 900. Anagandamiza umbo kwa mchanga laini wenye unyevu, analitoa, anamwaga chuma, anangoja. Halafu tupa, halafu msasa, hadi ing'ae. Warumi walipenda kuchonga umbo kwa nta kwanza, wakalifunika kwa udongo, nta ikayeyuka, shaba ikaingia pale ilipokuwa. Wazo ni moja. Mafundi wa Kibera wameifanya kazi hii miaka mingi, pamoja na pembe na mifupa ya ng'ombe, na vitu vyao vinauzwa hadi Ulaya. Kisumu tuna mafundi, tuna kufuli mbovu, tuna wanyama wenye stori. Tunachokosa ni wateja wanaojua cha kuagiza.

Onyo moja: uliza pia chuma kimetoka wapi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa, juu watu walikuwa wanaangusha nyaya na mitambo ya stima. Fundi mzuri atakuonyesha gunia lake la kufuli bila wasiwasi. Akianza kukuzungusha, ondoka. Huwezi kuvaa ulinzi uliozima taa za hospitali.

Pete yangu ilinigharimu soo nane. Kwa soo nane ningepata pete nane za Kondele, najua, nimepigiwa hiyo hesabu. Lakini soo nane yangu ilienda kwa mtu ninayeweza kumtembelea, na pete ikipinda anainyoosha bure.

Kwa hivyo wiki hii fanyeni vitu viwili. Ukiona mtu amevaa mnyama anayekutisha, meza mate, muulize anasema nini, usikilize jibu hadi mwisho. Na wewe mwenyewe, nenda kwa fundi na jina la mnyama mmoja wa huku kwetu, ngege, kiboko, furukombe, ng'ielo, yeyote, ukiwa na sababu yako mdomoni. Fundi atakuuliza, "kwani huyo ni wa nini?" Mjibu vizuri, juu hiyo sentensi ndiyo utakuwa umevaa.

Wa kamongo tujuane. Niandikieni hapa chini, tukifika kumi tunaagiza pamoja, fundi atatupunguzia.